Kware wa nyumbani kwa mayai na kitoweo: kutoka yai la gramu 10 hadi sufuriani

Makosa mengi katika ufugaji wa kware yana mzizi mmoja: mtu anamchukulia kware kuwa kuku aliyepungua kimo. Anampa chakula cha kuku, chombo cha maji cha kuku, wavu wa kuku, na jua likizama anamwachia giza kama anavyowaachia kuku. Wiki ya nne ikifika, nusu ya vifaranga wameshakufa, waliobaki wanasuasua, na mwenye nao anaapa kwamba ndege hawa hawafugiki. Wanafugika, tena ndani ya eneo dogo kuliko meza ya kulia. Ila wana masharti yao.

Kware anayezungumzwa hapa ni kware wa Kijapani, Coturnix japonica. Si yule wa porini anayetegwa mashambani kandokando ya Ziwa Viktoria, ambaye Wajaluo humwita aluru. Wa porini mwache huko aliko. Hatulii kizimbani, na kumtega ni jambo linalogusa sheria za wanyamapori. Hata huyu wa kufugwa usimlete kimyakimya. Kenya, katika wimbi kubwa la ufugaji wa kware la mwaka 2013 na 2014, wafugaji walitakiwa kuwa na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Popote ulipo, pita kwanza kwa ofisa wanyamapori na ofisa mifugo wa wilaya, uliza kinachotakiwa, ndipo ununue ndege.

Wimbi lile lina funzo la pesa pia. Bei ya mayai ilipanda kwa sababu yalinadiwa kama dawa ya kila ugonjwa, na wafugaji wengi walikuwa wakiwauzia vifaranga wafugaji wenzao. Walaji walikuwa wachache. Wanunuzi wapya walipokwisha, bei iliporomoka na watu wakabaki na ndege wasiojua wawapeleke wapi. Yai la kware ni chakula kizuri, basi. Halitibu kisukari, wala presha, wala UKIMWI. Anza na idadi ambayo jikoni kwako kunaweza kuimaliza, soko likipatikana liwe nyongeza.

Hesabu ya kaya moja

Majike 24 na madume 6 wanatosha nyumba ya watu watano au sita. Wakiwa kwenye umri mzuri wa kutaga utaokota mayai 18 hadi 20 kwa siku. Yai moja lina gramu 10 hadi 12, kwa hiyo matano ni kama yai moja la kuku wa kisasa; mayai 20 ni sawa na manne ya kuku.

Kware mkubwa hula gramu 20 hadi 25 kwa siku. Ndege 30 kwa gramu 25 ni gramu 750, yaani kilo 22 na nusu kwa mwezi, ukiacha kinachomwagika. Kinachomwagika si kidogo, tutakifikia.

Nyama ina hesabu yake, na ni vyema uijue mapema. Kifaranga mpaka wiki ya 6 atakula zaidi kidogo ya nusu kilo, naye atakuwa na uzito wa gramu 130 hadi 160. Ukimchinja na kumsafisha unabaki na gramu 100 hivi. Broila anakigeuza chakula kuwa nyama kwa ufanisi zaidi ya huyu, kwa mbali. Ndiyo maana nyumbani kware hufugwa kwa ajili ya mayai, na nyama hutokana na madume ya ziada na majike waliochoka kutaga. Kuna mbegu kubwa inayofika gramu 250 na kuendelea. Hiyo inaleta nafuu kwenye nyama, lakini inakula zaidi na mayai yake yanahitaji kikaango kikubwa kidogo tu.

Anayeanza anunue ndege wa wiki 4 au 5, siyo vifaranga wa siku moja. Atalipa zaidi, lakini atakuwa amevuka kipindi cha vifo na ataweza kutambua jinsia kwa macho. Utotoleshaji ausubiri mpaka ndege wake watage.

Kizimba

Kizimba cha ghorofa mbili, kila ghorofa mita 1 kwa sentimita 60, kinabeba ndege 15 kila ghorofa: majike 12 na madume 3. Kila ndege anapata sentimita za mraba 400. Wapo wanaowabana hadi 200; mayai yanapatikana, na upara na vidonda vya kichwa vinapatikana pia.

Vipimo ambavyo usivibadilishe:

- Sakafu ni wavu wa kuchomelea wenye tundu la nusu inchi kwa nusu inchi. Wavu wa kuku wa pembe sita haufai kwa sakafu: mguu unazama, ndege anajikunja, asubuhi unamkuta amevunjika. Haufai ubavuni pia, kwa sababu panya na nyoka mdogo wanapita.
- Kimo ni sentimita 20 nyuma na 26 mbele. Kware akishtuka haendi mbele wala nyuma, anaruka wima kama kizibo cha chupa. Dari likiwa na sentimita 50 anapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga, na kichwa kinapasuka. Dari likiwa fupi hana mwendo wa kujiumiza. Ukitaka banda la kusimama mtu, lifanye liwe na mita 2 kwenda juu na utandaze wavu laini wa nailoni chini ya bati.
- Tofauti ile ya sentimita 6 kati ya mbele na nyuma inatokana na mteremko wa sakafu. Yai linabingirika lenyewe kupita kwenye mwanya wa sentimita 3 mbele na kutua kwenye ukingo uliokunjwa kwa nje. Yai likikaa ndani linakanyagwa, linapasuka, ndege wanalionja, na tabia ya kula mayai ikishaingia haitoki.
- Mlango uwe mdogo, mkono mmoja upite. Kware aliyetoka harudi jioni kama kuku. Ameondoka.

Chini ya kila ghorofa weka trei ya bati au plastiki ya kupokea kinyesi, itolewe kila baada ya siku mbili. Kinyesi cha kware kina harufu kali ya amonia, na ukiinama usawa wa kizimba macho yakakuwasha, ujue ndege nao wamekwishaumia mapafu. Kirundike miezi miwili pamoja na majani makavu kabla ya kukipeleka kwenye mchicha; kikiwa kibichi kinaunguza.

Miguu minne ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hutakuta ndege wa kuhesabu. Weka kizimba mahali penye kivuli, hewa ipite juu ya migongo ya ndege bila kuwapiga moja kwa moja, mbali na mbwa anayebweka na mbali kabisa na kuku.

Kukaa kwenye waya muda wote huleta vidonda vya nyayo. Weka kibao bapa cha ukubwa wa kitabu kwenye kona moja, na asubuhi waingizie beseni la mchanga mkavu waoge. Liondoe kabla ya saa 7 mchana. Kware hutaga zaidi alasiri na jioni, na wakilikuta beseni watalifanya kiota.

Kutotolesha

Kware wa Kijapani amefugwa kwa muda mrefu kiasi kwamba karibu amesahau kuatamia. Jike anataga na kuendelea na shughuli zake. Una njia mbili.

Ya kwanza ni mtetea mdogo wa kienyeji, mwepesi, mwenye tabia ya utulivu. Mpe mayai 20. Mtetea mzito atayavunja, ganda ni jembamba mno. Siku ya 16 anza kumchungulia, na vifaranga wakitotolewa waondoe wakikauka tu, kwa sababu kifaranga wa gramu 7 akikanyagwa hana nafasi, na kuku ana magonjwa anayoyabeba bila yeye kuumwa.

Ya pili ni mashine. Kusanya mayai yasiyozidi siku 7, yenye umbo la kawaida na ganda safi, usiyaoshe. Yahifadhi ncha nyembamba ikiangalia chini, mahali pa baridi ya nyuzi 15 hadi 18. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa chumba cha kawaida hakifiki huko, kwa hiyo usivuke siku 4. Friji ya nyumbani ina baridi iliyopitiliza.

Mashine yenye feni iwekwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni iwe kati ya 38.3 na 38.8, ikipimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai, maana ndani ya boksi lisilo na feni hewa ya juu ina moto kuliko ya chini. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 50. Geuza mayai mara 3 hadi 5 kwa siku. Siku ya 15 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi 65 au 70 kwa kuongeza eneo la maji, siyo kina chake. Beseni pana lenye maji kidogo linafanya kazi kuliko kikombe kilichojaa. Kisha usifungue tena. Watoto wa nyumbani watataka kuchungulia. Kila mfuniko unapofunguka unyevu unatoka na utando ndani ya yai unakauka na kumbana kifaranga.

Vifaranga hutoka siku ya 17 au 18. Wakitoka siku ya 16, joto lilikuwa juu. Wakichelewa hadi 19 au 20, lilikuwa chini. Kipimajoto cha bei nafuu hukosea hata nyuzi nzima, hivyo tarehe hiyo ndiyo mzani wako wa kweli: rekebisha mzunguko unaofuata kwa kuifuata. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa, weka kando yake chupa za maji ya moto. Saa mbili tatu hazimalizi mayai. Joto la kupita kiasi ndilo linaloua haraka.

Ukiingiza mayai 60, tegemea vifaranga 40 hivi. Nusu yao watakuwa madume. Bakiza watano wa kuzalisha, wengine ni kitoweo.

Siku 14 za kwanza

Hapa ndipo ufugaji unapofaulu au kuharibika, na wanaoua vifaranga ni wanne: baridi, maji, utelezi na njaa ya protini.

Vifaranga 40 hadi 50 tumia boksi la sentimita 80 kwa 60, kuta za sentimita 40, mfuniko wa wavu wa tundu dogo. Usiwe na mwanya hata wa kidole. Kifaranga wa kware analingana na ncha ya kidole gumba na atapita. Ning'iniza balbu ya nyuzi, ile ya zamani inayochoma, wati 60 upande mmoja wa boksi, sio katikati. Upande wa pili ubaki wa baridi ili wachague wenyewe. Balbu za kisasa zinaangaza bila kutoa joto, usidanganyike na mwanga wake.

Chini ya balbu iwe nyuzi 35 hadi 37 wiki ya kwanza, ishuke nyuzi 3 kila wiki. Wiki ya 4, manyoya yakiwa yamefunika mwili, kwenye ukanda wa joto hawahitaji tena. Mbeya, Njombe, Limuru au Kabale endelea na joto la usiku wiki moja zaidi. Usisome kipimajoto peke yake, wasome vifaranga. Wakirundikana chini ya balbu wakilia kwa sauti kali, wanaona baridi, na wa katikati ya rundo watakufa kwa kukosa hewa. Wakijibanza pembeni midomo wazi, ni joto. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala wamenyoosha miguu kama waliokufa, uko sawa.

Kusipokuwa na umeme, tumia chungu cha udongo chenye mkaa uliokwisha kushika vizuri, kimefunikwa na kuzungushiwa wavu, ndani ya chumba chenye dirisha lililo wazi kwa juu. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua vifaranga, na huua watu pia.

Maji ndiyo jambo la ajabu. Kifaranga wa kware huzama ndani ya maji ya kina cha sentimita 2, tena kwa urahisi. Tumia vifuniko vya ndoo ndogo au chombo cha maji cha kware chenye mdomo mwembamba, na ujaze gololi au kokoto safi mpaka maji yaonekane kati yake tu. Siku 10 zikipita, zitoe. Badilisha maji mara mbili kwa siku, maana watayachafua.

Usitandaze gazeti. Karatasi laini inawafanya wateleze, miguu inapanuka kulia na kushoto, na baada ya siku mbili hairudi. Siku 4 za kwanza tandaza taulo kuukuu au gunia safi lisilochomoka nyuzi, na nyunyiza chakula juu yake wajifunze kudonoa. Baadaye weka maranda makavu. Ukianza na maranda siku ya kwanza, watakula maranda.

Chakula

Kifaranga anataka protini asilimia 24 hadi 26. Chakula cha kuanzia cha vifaranga wa kuku wa mayai huwa na 18 hadi 20 tu. Kware akila hicho hafi siku hiyo. Anadumaa, manyoya hayaoti vizuri, wenzake wanamdonoa, na anaanza kutaga wiki ya 9 au 10 badala ya ya 6 au 7. Mtu anadhani mbegu ni mbovu.

Njia rahisi ya dukani: kilo 9 za chakula cha kuanzia cha broila, ongeza kilo 1 ya dagaa waliosagwa. Unapata takriban asilimia 25. Chakula cha punje kisage upya. Kifaranga hawezi kumeza chembe iliyozidi ukubwa wa ulezi.

Ukipenda kuchanganya mwenyewe, kilo 10 za vifaranga ni hizi: mahindi yaliyobarazwa kilo 4.8, mashudu ya soya kilo 3.2, dagaa kilo 1, mashudu ya alizeti gramu 600, unga wa mifupa gramu 170, chokaa ya mifugo gramu 150, chumvi gramu 30, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 50. Soya mbichi haifai kabisa, ina vitu vinavyozuia protini isisagwe tumboni. Lazima iwe imekaangwa au kukamuliwa kwa moto. Dagaa wa baharini waliotiwa chumvi wakitumika, chumvi nyingine iache.

Kuanzia wiki ya 6 majike wanahamia chakula cha kutagia: protini 20 na kalisi asilimia 3 hivi. Njia ya dukani ni kilo 9 za chakula cha kuku wa mayai na kilo 1 ya dagaa. Ya kuchanganya, kwa kilo 10: mahindi kilo 5.2, mashudu ya soya kilo 2.2, mashudu ya alizeti kilo 1, dagaa gramu 700, chokaa gramu 650, unga wa mifupa gramu 170, chumvi gramu 30, premiksi gramu 50. Chokaa nyingi hivi usiwape vifaranga, inaharibu figo.

Changanya kinachoisha ndani ya wiki tatu. Kagua mahindi kabla ya kusaga: yenye ukungu au harufu ya uvundo yana sumukuvu, na ndege mdogo huumizwa na kiasi kidogo. Dagaa wa sokoni mara nyingi wana mchanga. Watumbukize kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja. Ukiona tabaka nene la mchanga chini, umelipia mchanga.

Kuhusu umwagaji: kware hutupa chakula kwa mdomo kushoto na kulia kutafuta chembe anayoitaka. Jaza kihori theluthi moja tu na utandaze juu yake kipande cha wavu wa nusu inchi. Hilo peke yake hupunguza hasara kwa namna utakayoiona kwenye gunia.

Wiki ya 3 hadi ya 6

Wiki ya 3 manyoya ya kifua yanatoa siri. Dume ana kifua cha rangi ya kutu, kimoja bila madoa. Jike ana kifua cha kijivu chenye madoa meusi. Weupe na weusi hawatambuliki hivyo. Subiri wiki ya 6, bonyeza taratibu chini ya mkia: dume hutoa povu jeupe kama la sabuni.

Watenganishe mapema. Madume wa kuchinja wakae peke yao mahali penye mwanga hafifu bila taa ya usiku. Mwanga mrefu huwaamsha kijinsia, na hapo wanaacha kunenepa na kuanza kung'oana macho. Kwenye kizimba cha kutaga uwiano ni dume 1 kwa majike 3 au 4. Ukitaka mayai ya kula tu, dume hahitajiki kabisa, na nyumba itakuwa tulivu zaidi: sauti ya dume alfajiri si ndogo kama mwili wake.

Taa

Jike hutaga sawasawa akipata mwanga saa 14 hadi 16. Kwetu karibu na ikweta jua linatoa 12 mwaka mzima, na ndiyo sababu ya malalamiko ya "wamekula miezi mitatu hawatagi." Washa taa saa 12 jioni kabla giza halijaingia, izime saa 4 usiku. Balbu ndogo ya wati 5 inatosha vizimba viwili. Hata taa ya sola inafaa mradi isikatike. Fanya kila siku saa ileile. Taa ikiruka siku tatu nne, mayai yanapungua, na kuyarudisha huchukua wiki mbili.

Yai la kwanza huja kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kilele ni wiki ya 10 hadi ya 12, kisha baada ya miezi 8 hivi yanapungua polepole. Mwaka ukitimia wabadilishe.

Wakiugua

Ugonjwa unaoitwa hasa kwa jina la kware ni vidonda vya utumbo, unaoletwa na bakteria Clostridium colinum. Ndege anajikunja, anafumba macho, anaharisha maji meupe, na wengine hufa wakiwa na miili mizuri kabla ya dalili. Hutokea zaidi kwa waliofugwa chini, juu ya maranda yaliyolowa. Kinyesi chenye damu kwa vifaranga wa wiki 2 hadi 5 huashiria koksidia, vimelea vya utumbo, na hiyo hutibiwa kwa dawa ya amproliamu kwenye maji. Macho kuvimba na pua kutoa ute ni mafua. Mdondo (kideri) huweza kupita kwa kware bila kishindo huku ukifagia kuku wa jirani, sababu nyingine ya kutowachanganya.

Akifa mmoja, choma au zika. Wakifa watatu ndani ya siku mbili, mpeleke aliyekufa karibuni kwa daktari wa mifugo apasuliwe. Kumwaga antibiotiki yoyote kwenye maji kwa kubahatisha hugharimu zaidi, na mayai ya siku za dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, hayaliwi. Ndege wageni wakae peke yao wiki 3.

Kuna tatizo jingine lisilo na dalili: udugu. Kware huathirika vibaya wakizaliana ndugu kwa ndugu. Kizazi cha pili tu mayai yasiyo na mbegu yanaongezeka, cha tatu vifaranga wanakufa ndani ya ganda. Badilishana madume na mfugaji mwingine kila unapototolesha, na uwafunge ndege wako uzi wa rangi mguuni ujue nani katoka kwa nani.

Kuchinja na kupika

Madume huchinjwa wiki ya 6 au 7. Ondoa chakula saa 6 kabla, maji yabaki. Kisu kidogo chenye makali sana kinatosha. Shika mabawa na miguu kwa mkono mmoja ili asipapatike na nyama isivilie damu. Ukitaka ngozi, mchovye kwenye maji ya nyuzi 55 kwa sekunde 30, yaani maji ambayo kidole hakivumilii lakini hayajaanza kutoa mapovu, kisha nyonyoa kuelekea chini. Maji yanayochemka huchubua ngozi yote. Mwenye haraka anachuna ngozi na manyoya kwa pamoja, haichukui dakika moja. Mpasue kando ya uti wa mgongo kwa mkasi, toa matumbo, bakiza maini na firigisi. Mweke kwenye baridi kwa muda wa saa 12 kabla ya kupika, la sivyo nyama itakuwa kama mpira.

Nyama haina mafuta, hivyo hukauka upesi. Ipake tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na mafuta, ichome dakika 12 hadi 15 mkaa ukiwa wa wastani, au iunge kwa tui la nazi. Wawili kwa mtu mmoja mwenye njaa.

Mayai yatie kwenye maji yanayochemka dakika 4, kisha kwenye maji ya baridi mara moja, ndipo maganda yatatoka kirahisi. Usiyanywe mabichi kwa kuambiwa ni tiba. Salmonela haichagui ukubwa wa yai. Ya kukaanga usiyagonge ukingoni mwa kikaango kama ya kuku: utando wa ndani ni mgumu kuliko ganda, utaishia kulibonda. Kata kofia ya juu kwa mkasi mdogo, mimina.